Mama Cherehani Harudi

Kazi yangu ni kukumbuka. Kwenye tamthilia, bwana akitoka chumbani amefunga vifungo vitatu, mimi ndiye ninayehakikisha anaingia sebuleni na vifungo vitatu, hata kama vipande hivyo viwili vya picha vimepigwa siku tofauti. Wenzangu huniita Daftari. Wanadhani ndani ya daftari langu mna vikombe na vifungo tu, lakini mimi huandika kila kitu.

Sehemu ya kumi na nane, kwa mfano, niliandika: "Mume ameuza cherehani. Mke yuko wodini, amejifungua jana." Mke huyo ndiye Mama Cherehani, aliyeliliwa hata na wanaume. Alitoka hospitali na kichanga mikononi, akakuta alama nne sakafuni pale miguu ya cherehani ilipokuwa, akamwambia mumewe, "Siku nikirudi kwako, ujue aliyerudi si mimi." Akaenda zake. Alishona nguo za watu kwa mkono sehemu ishirini nzima, mpaka akanunua cherehani nyingine.

Jumanne asubuhi nikapewa skripti ya sehemu ya sabini, ya kurushwa Ijumaa. Mume anapiga goti, anasema alipitiwa. Mama Cherehani analia, anafunga virago, anarudi. Sababu yenyewe ni mstari mmoja: "Mtoto anahitaji baba." Nilisoma mara mbili, damu ikanichemka.

Nilimfuata mwongozaji akiwa anakunywa chai nyuma ya taa.

"Hii haiwezekani," nikamwambia.

"Salamu kwanza, mdogo wangu."

"Shikamoo. Hii haiwezekani."

Akacheka. Si mtu mbaya yule, tatizo lake ni kupenda watu wote wafurahi. "Daftari, watu hubadilika."

"Wabadilike, lakini tuwaone wakibadilika. Sehemu ya sitini na saba huyu bwana alikuwa baa, kamsahau mtoto shuleni. Sitini na nane na sitini na tisa hayumo kabisa. Kabadilikia wapi, chooni?"

Mafundi wa taa wakaangua kicheko. Mwongozaji hakucheka tena.

"Watazamaji wamechoka na machozi. Wanataka ndoa irudi."

"Nani kakwambia? Mama wa watu kahangaika sehemu hamsini, leo mnamlambisha matapishi yake!"

"Wewe kazi yako vikombe."

"Kikombe kikisogea mezani unanifokea mbele ya watu. Moyo wa mtu ukihama ghafla, ninyamaze?"

Mwigizaji mwenyewe, aliyekuwa anapakwa poda, alinitazama kwa huruma. "Mwenzangu, mimi natamka nilichopewa," akasema. "Nikikataa, kesho kwenye skripti wananiua kwa ajali ya gari."

Sitadanganya kwamba nilikuwa napigania usanii peke yake. Baba yetu alituacha miaka kumi na moja iliyopita, akaenda kuishi na mwanamke mwingine, akamwachia mama watoto wanne na paa linalovuja. Sasa amezeeka, magoti yanamuuma, amekumbuka njia ya nyumbani. Shangazi, dada yake, ndiye mshenga wa safari hii, na hakosi hata sehemu moja ya tamthilia yetu. Jumapili alikaa sebuleni kwetu akamwambia mama, "Wifi, tungoje Ijumaa, wametangaza mume atakuja kuomba msamaha. Mama Cherehani akimrudia mumewe, wewe utabaki na kisingizio gani? Nitakuja na kaka, tutazame pamoja." Nilitegemea mama amcheke. Mama aliendelea kukunja nguo, akasema, "Tutaona." Hilo neno lilininyima raha kabisa. Mama yangu ninayemjua hasemi tutaona.

Tukaanza kupiga. Sasa, pale kazini tuna sheria moja, na aliyeitunga ni mwongozaji mwenyewe. Zamani tuliwahi kumzika marehemu akiwa na saa mkononi, saa ambayo mwanawe alikuwa ameshaiuza sehemu mbili nyuma. Tulichekwa mwezi mzima. Tangu hapo, kipande hakipiti mpaka mimi niseme "sawa." Wote wamezoea, mpaka mpiga picha haondoi jicho kwenye kamera kabla hajanisikia.

Mume akapiga goti. Mama Cherehani akalia, akarudi. Wote wakanisubiri.

"Si sawa," nikasema.

"Nini? Kilemba?"

"Kilemba kizuri. Mtu ndiye si yeye."

Wakarudia. Si sawa. Wakarudia tena. Mara ya nne mume akalalamika kwamba goti limechubuka, nikamwambia pole, lakini si sawa. Kazi hii niliitafuta miaka mitatu, nami nilijua kila ninapofungua mdomo naisukuma mbali. Mara ya sita mwongozaji aliweka kikombe chini taratibu.

"Nenda nyumbani," akasema. "Usirudi. Na daftari uliache, ni mali ya ofisi."

Nikaliweka juu ya kiti chake. "Chukua. Niliyoyaandika humo nayajua."

Nikiwa mlangoni nilimsikia akisema "sawa" mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu.

Ijumaa saa kumi na moja jioni sebule yetu ilijaa. Shangazi alikalia kochi, baba akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, kanyoa ndevu, kavaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani. Mama alimpa kila mmoja chai, hata baba. Mimi nilisimama jikoni, sikuweza kukaa. Nilikuwa nimemwambia mama kwamba kazi imekwisha, sikumwambia kwa nini.

Goti likapigwa, machozi yakatoka, virago vikafungwa. Muziki ukapanda. Shangazi akapiga makofi mpaka bangili zikalia. "Si nilisema! Wifi, umeona mwenyewe! Mwanamke mwenye hekima hurudi!"

Mama alichukua rimoti akazima televisheni. Nilishika ukingo wa sinki.

"Nimeona," mama akasema. "Yule kalipwa arudi. Mimi kanilipa nani?"

"Wifi, hiyo ni—"

"Tena kamera ikizimwa anakwenda kwake, hampikii yule bwana wala hamfulii. Mnanifananisha naye kwa lipi?" Wala hakupandisha sauti. "Angekataa, ningekataa. Karudi, nakataa vilevile. Nilisema tutaona, tumeona."

Nami pale jikoni nilijionea aibu na fahari kwa pamoja. Nilikuwa nimepoteza kazi kumtetea mwanamke ambaye hakuhitaji sehemu ya sabini wala ya mia kujua msimamo wake. Hata hivyo, wangeniita kesho ningesema si sawa mara ya saba.

Mama akamgeukia baba, akamsogezea kikombe alichokuwa hajakigusa.

"Kunywa chai yako, isipoe," akamwambia. "Ukimaliza, mlango unaujua. Ulishawahi kuutumia."