Keki ya Muhogo ya Mama Thobias

Sipendi kuulizwa juu ya keki. Anayeniuliza namjibu vibaya, na nimeshawajibu wengi. Hii naisema mwenyewe, bila kuulizwa, maana nimechoka kukaa nayo.

Mimi ndiye Adelfina wa Mbuba. Kila kiangazi jumuiya yetu inaposherehekea somo wake, yaani mtakatifu msimamizi, tunasali na kula nje, kwenye majani pale mlimani, na keki napika mimi. Unga wa muhogo, ndizi mbivu, mayai, mafuta. Sufuria jikoni, na makaa mengine juu ya mfuniko. Chema chajiuza: watu walikuwa wanatoka Rulenge kuja kuila. Mwenyewe siionji, nina kisukari. Anayeonja ni mume wangu Anatoli, tena mbele ya watu wote, kama mwenye pombe anavyopiga funda la kwanza kabla ya mgeni. Ndiyo desturi yetu.

Mwaka huu, Jumatatu, nilimwambia Priscila, mke wa mwanangu Thobias, aloweke mihogo michungu. Priscila katoka Burundi, ng'ambo ya mpaka wa Kabanga, ana miaka miwili kwetu. Mihogo ile hukaa majini siku nne mpaka ilainike na kunuka, ndipo sumu yake inatoka. Kesho yake mwenyekiti wa jumuiya akapita: sherehe si wiki ijayo tena, ni Jumamosi hii hii, padre ana safari. Nikaenda kuiopoa mihogo.

“Mama, bado migumu,” Priscila akasema. “Ina siku moja tu. Kwetu hii hailiwi.”

Jamani, nilivyowaka! “Kwenu ni kwenu! Nimeloweka mihogo kabla mama yako hajaolewa. Utanifundisha wewe?”

Akainamisha kichwa. “Samahani, mama.”

Nikaikata vipande vidogo, nikaanika, nikatwanga. Unga ukatoka mweupe kabisa, ila ulikuwa mchungu ulimini. Nikaongeza sukari, nikaongeza ndizi. Nilijua ninachokificha? Nilijua. Nilijiambia moto utamaliza.

Jumamosi, baada ya misa, watu wakakaa kwenye majani. Anatoli alikuwa hajala kitu tangu jana yake, kwa ajili ya komunyo. Akakata kipande, akala, akapigiwa makofi. Mwenyekiti akaanza hotuba, wageni wakiisubiri keki, na yule akishika neno haliachii. Mzee wangu akala cha pili, cha tatu, cha nne, ananikonyeza kama kijana.

“Mama Thobias, safari hii umejishinda.”

“Acha ulafi, waachie wageni,” nikamwambia. Hilo ndilo neno langu la mwisho kwake.

Hotuba haijaisha, akashika kichwa. Akatapika, akaanza kuitafuta pumzi. Walimpakia kwenye pikipiki, mtu mmoja akimshikilia kwa nyuma, akakata roho kabla ya kufika hospitali. Keki zilizobaki zilifukiwa shimoni. Hakuna mwingine aliyekuwa ameonja.

Baada ya mazishi, shemeji yangu Anastazi akawakalisha ndugu uani. “Nani aliloweka mihogo?”

“Ni mimi, baba,” Priscila akajibu. Kisha akanitazama. Alisema nusu ya kweli, nusu ya pili akaniachia mimi, kwa kuwa mkwe hamtaji mama mkwe wake mbele ya ukoo. Mimi nikatazama miguu yangu. Niliogopa, ndiyo! Niliogopa kuitwa muuaji wa mume wangu kuliko nilivyomwogopa Mungu.

“Tulisema sisi, mtu wa kuja humjui,” sauti ikatoka nyuma.

Jioni hiyo hiyo walimrudisha mpakani Kabanga na furushi lake. Thobias hakumsindikiza hata hadi njiani. Priscila alipiga goti mbele yangu akasema, “Ubaki salama, mama.” Nikaitikia.

Wiki moja baadaye, jumuiya ilipokuja kusali kwangu, nikasimama. “Priscila hana kosa. Alinikataza. Niliyeopoa mihogo kabla ya siku zake ni mimi. Aliyemuua Anatoli ni mimi.”

Jirani yangu Consolatha akanikumbatia analia. “Mnaona moyo wa huyu mama? Anabeba dhambi ya mkwe wake!”

“Adelfina akosee mihogo?” mwenyekiti akasema. “Adelfina huyu tunayemjua?”

Nikapiga kelele, nikaapa kwa rozari mkononi. Wakasema ni uchungu wa msiba, nipewe maji. Nikamshika Thobias shati: “Mfuate mkeo!”

“Pumzika, mama,” akasema, akaibandua mikono yangu taratibu.

Jumapili mwenyekiti akanitaja mbele ya kanisa zima kuwa mfano wa mama mkwe, na watu wakanipigia makofi, kama walivyompigia Anatoli alipokula kipande cha kwanza.