Kichupa Kisichotaka Joto

Basi la Namanyere lilikuwa limeshaanza kutembea, na mwalimu Alphonce bado ametoa kichwa dirishani.

"Mama Josefina! Kichupa kisipate joto! Kesho Zita anakihitaji!"

"Nenda baba, nimesikia."

Josefina alikuwa mfagiaji wa maabara ya shule. Kichupa kilikuwa kwenye friji kuukuu, mlango wake umefungwa kwa kamba. Ndani kulikuwa na kimeng'enya cha vijidudu vya bahari ya baridi, kimoja tu walichotumiwa. Kesho Zita, binti wa kidato cha sita, angewaonyesha majaji wa mashindano ya sayansi kinavyotoa mafuta kwenye nguo kwa maji baridi. Kikiharibika, mashindano ya Dodoma atayasikia redioni.

Saa sita umeme ukakatika, na friji lile halikushika baridi. Ilikuwa Oktoba, bati linaalika kwa jua.

Vitus, mlinzi, akachungulia. "Kakipeleke jikoni kwako. Si mwalimu alisema ni ndugu ya kimea cha uji? Kimea kinapenda joto."

"Kinapenda vuguvugu, shemeji. Ukikitia kwenye uji unaochemka kinakufa, uji unabaki mzito. Na hiki kimezaliwa kwenye baridi. Vuguvugu letu kwake ni moto."

Hakuyasoma popote. Alimsikia mwalimu akifundisha, yeye ufagio mkononi: kimeng'enya ni uzi mrefu, umejikunja mpaka ukapata mdomo, na mdomo ndio unaong'ata mafuta. Joto likiukunjua, mdomo haupo. Wanafunzi waliandika. Josefina alielewa, maana miaka thelathini alikuwa akipima joto la uji wa ulezi kwa kiwiko kabla ya kutia kimea.

Akakifukia kichupa kwenye chungu cha mchanga uliolowa, akazungushia gunia bichi, akaweka ukumbini panapopita upepo. Akakaa. Gunia likianza kukauka, ananyunyizia.

"Umekuwa yaya wa chupa!" Vitus akacheka.

"Basi leta maji, baba mtoto."

Akaleta ndoo nne. Umeme ulirudi jua likizama.

Asubuhi Zita alidondosha matone matatu. Kitambaa chenye doa la mafuta ya alizeti kikakaa kwenye maji ya kisima. Majaji wakatazama saa. Josefina alichungulia mlangoni. Kisha kingo za doa zikalegea, na kitambaa kikatoka cheupe.

Zita alifika Dodoma, akawa wa nne. Alphonce alihamishiwa Namanyere. Vitus bado yuko getini. Josefina alipewa ufunguo wa maabara. Anauvaa shingoni, ndani ya gauni. Akiinama kufagia unachomoka, unaning'inia.