Pengo Jembamba Kama Uzi

Khaemba alitoa kibao cha shaba kwenye beseni la dawa, akakisuuza, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akakitupa mezani.

"Kichana kimeng'oka meno tena?" Dalmas aliuliza kutoka meza ya pili.

"Nyamaza, bwana."

Hakikuwa kichana. Kilikuwa kichujio cha redio ya maikrowevu, ile inayopeleka simu kutoka mlingoti wa Kisumu: mistari mitano ya shaba, iliyokunjwa kama pini za nywele ili yote ienee kwenye kisanduku kidogo kama pakiti ya sigara. Mistari hiyo haigusani. Mawimbi yanayotakiwa huvuka kutoka mmoja hadi mwingine kwenye pengo jembamba kama uzi, mengine huachwa nje. Pengo likipanuka kidogo tu, hata baadhi ya yanayotakiwa hukwama.

Khaemba alikuwa amechora vizuri. Mistari aliifunika kwa rangi ya kucha ya mkewe, Nabalayo, akaiacha dawa iyeyushe shaba iliyobaki kwa dakika ishirini, kama kitabu kilivyosema. Mara tatu sasa dawa ilikuwa imepenya chini ya rangi na kuitafuna mistari kando. Kilibaki kibao kimoja. Kesho mkubwa wao wa kazi angefika kutoka Nairobi, naye alishasema: kisipofanya kazi, kazi ya vichujio itahamia huko, na karakana ya Kisumu ibaki kubadilisha fyuzi.

Kwa hasira alishika beseni la dawa bila glavu. Lilikuwa la moto.

"Nani ameweka hili juani?"

Mama Apiyo, mpika chai wao, alisimama mlangoni.

"Ni mimi, Bwana Khaemba. Ulilalamika dawa inakuchelewesha. Nikasema niwe nakuanikia kabla hujaanza, uwahi kurudi kwa watoto wako."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Dakika ishirini za kitabu zilikuwa za dawa baridi; ya moto ilikuwa inatafuna kupita kiasi. Dalmas alicheka mpaka akakohoa. Khaemba alifungua kinywa, na maneno aliyokuwa nayo hayakuwa mazuri. Halafu akaona vidole vya yule mama, vimejaa madoa ya kahawia ya dawa.

"Lete maji ya mtungi, Mama. Yale baridi kabisa."

Waliliweka beseni ndani ya karai la maji, na dawa ilipopoa Khaemba akakitumbukiza kibao cha mwisho. Mama Apiyo akawa anaongeza kata kwa kata, Khaemba akiitazama saa.

"Usitikise!"

"Usinifokee, mimi si kibao."

Dakika ishirini zilipotimia alikisuuza, akakifunga kwenye kisanduku, akaunganisha nyaya. Mshale wa mita ulipanda pale ulipotakiwa kupanda, ukatulia, ukashuka pale ulipotakiwa kushuka. Akarudia. Ukafanya vilevile. Dalmas aliacha meza yake, akaja kuutazama.

Chai ilikuwa imepoa, imeota utando juu. Khaemba aliinywa yote.

"Ero kamano, Mama," alimshukuru kwa Kijaluo.

Mama Apiyo alichungulia kikombe kitupu. "Hiyo ndiyo ilitaka jua," alisema.