Alhamisi ya Nermin

Kwenye tamthilia naigiza Nermin, mke anayepigwa kila Alhamisi na kusamehe kabla ya matangazo. Waandishi wetu, wanahizaya wale, hawajui mwanamke mwingine.

Jana sokoni Kadıköy nilikuwa nachagua biringanya, mwanamume mmoja akanidaka mkono na kuubusu.

“Dada Nermin, Mungu akuweke! Mke wangu alikimbilia kwao. Alipoona ulivyomsamehe mumeo, karudi mwenyewe. Si ndiyo, Hacer?”

Hacer alikuwa nyuma yake, kavaa miwani ya jua na mvua inanyesha. Mume alipogeuka kulipa, Hacer akanisogelea.

“Dada, Alhamisi hii mumeo anakufanya nini?”

Sehemu hiyo tulisharekodi. Ananisukuma ngazini, halafu ninayeomba radhi ni mimi.