Mwezi wa Kumwona Duma

"Dada, nipangie jangwa," alisema Kisura, akajibwaga kwenye kiti cha wateja na kutua mkoba wake juu ya ramani.

Miaka kumi na mmoja dada mtu alikuwa akiwapangia watu safari katika ofisi ile. Alikijua kila kisima cha hifadhi ya jangwani, njia wanazopita choroa wakienda kunywa, na kivuli ambamo duma hujilaza jua likiwa kali. Yote hayo aliyapata kwa kusoma na kuwadadisi madereva. Yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga huko. Kila likizo yake iliishia kumuuguza mama yao. Leo mdogo wake, aliyefunga virago na kuolewa mama akiwa hoi kitandani, alitaka kwenda kustarehe na mumewe.

"Twende mwezi gani?"

Jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi: mwezi wa tisa. Kiangazi kimekolea, maji yamebaki visimani tu, na wanyama wote huyafuata hapo. Lakini alimtazama Kisura, kucha zake zilizopakwa rangi, uso wake wa mtu asiyewahi kunyimwa, akalimeza jibu hilo.

"Wa pili," alisema. "Mvua zinakuwa zimenyesha. Jangwa linageuka kijani."

Hakudanganya. Alinyamaza tu kuhusu tope linalonasa magari, majani marefu na wanyama waliotawanyika kila upande.

Kisura alifikiri kidogo. "Wa pili shemeji yako yuko mafunzoni." Kisha uso ukamchangamka. "Basi twende mimi na wewe! Mama atakaa kwa shangazi. Usinikatalie, dada."

Siku tatu dada mtu alitembea kama aliyevaa viatu vipya. Alijinunulia kofia pana, akaijaribu mbele ya kioo cha ofisi wenzake walipotoka kwenda kula. Siku ya nne alikuwa ameivaa tena Kisura alipopiga simu.

"Nimeazima darubini. Mimi nataka kumwona duma tu, dada. Hata mmoja. Nimewatambia watu kazini, nimewaambia dada yangu ndiye bingwa wa jangwa."

Dada mtu aliivua kofia.

"Mwezi wa pili hutamwona," alisema. "Nenda wa tisa."

"Mbona ulisema wa pili?"

"Nilikuonea wivu."

Aliisukuma kofia hadi ukingoni mwa meza.

"Wa tisa mume wangu ana nafasi," Kisura alisema polepole. "Na gari ni la watu wawili."

"Najua."

Akawapangia. Aliandika kila kituo na kila saa kwa uangalifu ambao hakuna mteja aliyewahi kuupata, na kila mstari ulimchoma.

Mwezi wa tisa, dada mtu akiwa anamlisha mama uji, simu yake ilitetemeka. Picha: duma amesimama kwenye kichuguu, na pembeni bega la shemeji limeziba nusu ya dirisha la gari. Chini yake Kisura alikuwa ameandika: "Palepale uliposema."

Aliikuza picha ile mpaka bega likatoka nje ya kioo cha simu. Aliandika, "Hongereni," akafuta. Mama akafumbua kinywa kungojea kijiko.

"Subiri kidogo, mama," alisema, akaandika: "Duma alielekea upande gani?"