Goti la Nahodha

Asubuhi ya fainali, nahodha wa timu alikuwa amepiga goti uwanjani akipigilia nyasi za bandia kwa misumari. Jana yake timu ya besiboli ilicheza hapo hapo na, kwa kuwa mchezo wao hukimbiwa kwenye udongo, ikaacha udongo mwekundu katikati ya uwanja, eneo la kutosha kujengea nyumba. Udongo huo ulipaswa kufunikwa kabla ya saa kumi, mpira unapoanza. Wafanyakazi wa uwanja walikuwa wawili tu, kwa hiyo wachezaji walitia mkono. Ndivyo soka la kulipwa la daraja la tatu lilivyokuwa hapa Harlan Falls, Ohio: unajitandikia mwenyewe, ndipo ucheze.

Nahodha huyo, Wilmer Cáceres, alipiga goti la kulia kwa sababu la kushoto lilikuwa halikunjiki vizuri. Wiki chache nyuma mguu wake ulinasa kwenye mshono wa nyasi hizi hizi, goti likazunguka. Loretta, tabibu wa timu, alilibonyezabonyeza akasema gegedu limechanika. Akipasuliwa mapema atapona, akiendelea kulichezea atachechemea maisha yake yote. Lakini Brent Halvorsen, meneja, alimvuta Wilmer pembeni akamwomba wasiliandikishe jeraha hilo kwanza.

"Likiandikwa tu, inabidi nikuweke nje. Tumalize fainali, kaka. Jumatatu tunashughulikia, bima ipo."

Wilmer alikubali. Umri ulikuwa unamtupa mkono, mkataba wake ulikuwa ukingoni, na alitaka mwingine.

Golikipa wao, Dale Kowalczyk, alikuja na robota la nyasi begani. Akalitua, akachuchumaa karibu yake.

"Umesikia?"

"Nini tena?"

"Mke wangu si yuko ofisi ya timu? Kaniambia wamekatazwa kuuza tiketi za mwakani. Hata moja. Tajiri kauza timu."

"Kamuuzia nani?"

"Bwana mmoja huko Carolina, anajenga uwanja wake. Kanunua nafasi yetu kwenye ligi. Hata kombe tukilichukua leo, linaenda huko. Sisi wenyewe hatumo kwenye mzigo."

"Brent kaniambia Jumatatu..."

"Jumatatu? We Wilmer! Jumatatu utakuta kufuli mlangoni."

Wilmer hakushangaa, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Timu yake ya kwanza ilihamishwa, ya pili ikasimamishwa kwa mwaka mmoja isirudi tena. Huku nafasi kwenye ligi ni kama kizimba cha sokoni: mwenye nacho akichoka humuuzia mwingine, na waliokuwa wakiuza nyanya pale watajua wenyewe pa kwenda. Alipigilia msumari wa mwisho akainuka kwa shida, Dale akimshika kwapani.

Saa sita alikwenda kwenye maegesho kumpokea baba yake. Mzee Eliseo alihama Honduras zamani, na tangu afike amekuwa akikata kuku kiwandani huko Indiana. Jumamosi kwake ni siku ya kazi. Leo ndiyo mara ya kwanza kupewa ruhusa, na alishuka garini na mfuko wa baleada, chapati za kwao za maharage, akicheka peke yake.

"Nimewaambia kiwandani, mwanangu! Leo tukishinda tu, mwakani daraja la pili. Watanitambua!"

Wilmer aliegemea gari. Kwa miaka yote hakuwahi kupata moyo wa kumsahihisha.

"Baba, hatupandi."

"Mkishinda mnapanda."

"Huku hakuna kupanda. Shinda mara kumi, uko pale pale. Anayepanda ni mwenye hela."

"Na wa mkiani?"

"Naye yuko pale pale, ilimradi tajiri wake hajamchoka."

Mzee alimtazama kama anayetaniwa. "Sasa mnacheza ya nini?"

Wilmer alilishika goti lake la kushoto. Akamweleza yote: timu iliyouzwa, goti, maneno ya Brent. Mzee alisikiliza huku akifungua mfuko kwa mkono wa kushoto, maana vidole viwili vya kulia vilikuwa vimekakamaa siku nyingi.

"Unakumbuka nilikwambia niliteleza kwenye barafu?" alisema. "Uongo. Kilikuwa kisu cha kazini. Msimamizi akaniambia tumalize sikukuu kwanza, ndipo tuandike. Nikamaliza. Nilipokwenda kuandikisha, wakasema nimeumia nyumbani kwangu, hawalipi."

"Mbona hukuniambia?"

"Aibu, mwanangu. Nenda kaandikishe."

"Nikiandikisha sichezi. Umeendesha gari toka alfajiri kuja kuniona."

"Nimeshakuona. Nenda."

Loretta alikuwa akipanga bandeji kwenye chumba cha matibabu, Wilmer alipoingia na kukaa kitandani. "Andika goti langu," alimwambia. "Leo, saa hii." Loretta alivuta kalamu. Brent akatokea mlangoni, ameshika kitambaa cha nahodha.

"Siku ya fainali, Wilmer? Baba yako yuko hapa!"

"Jumatatu ofisi iko wazi?"

Brent aliangalia chini. Kumbe naye alijua.

"Mimi pia nina watoto," alisema. "Nimeambiwa leo asubuhi. Nimeambiwa nifunge mdomo."

"Basi ufunge. Mimi naandikisha."

Wilmer alitia sahihi, akachukua nakala yake, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Kitambaa cha nahodha akapewa Dale.

Jukwaani alikaa na baba yake katikati ya mashabiki waliojipaka rangi ya chungwa usoni. Hawakuchelewa kumtambua.

"Cheki, nahodha kaja kutalii!" alidakia bwana mmoja nyuma yao, mnene, mwenye ngoma tumboni. "Fainali imemtia homa! Mleteeni blanketi!"

Watu walicheka. Mzee Eliseo, ambaye Kiingereza chake si kingi lakini kinatosha kwa matusi, aligeuka kutaka kuinuka. Wilmer akamshika mkono ule mbovu, akamkalisha.

Timu ilishinda moja bila. Dale aliokoa penalti dakika za mwisho, akabaki amelala kifudifudi kwenye nyasi walizotandika asubuhi, na Wilmer alijikuta analia kwa furaha na kwa hasira, hajui kipi kimetangulia. Tajiri mwenyewe alishuka uwanjani amevaa skafu ya chungwa. Alilipokea kombe, akalibusu, akashika kipaza sauti.

"Harlan Falls, nawapenda! Tutaonana mwakani!"

Uwanja mzima ukaitikia. Akina mama walikumbatiana, ngoma ikalia. Bwana yule mnene aliinama akamzungushia Wilmer mkono shingoni, kinyongo chote kimemtoka, anatoa jasho na harufu ya bia.

"Nakutania tu, nahodha! Ila mwakani usituangushe!"

"Hakuna mwakani, kaka," Wilmer alimwambia, taratibu, ili amsikie vizuri. "Timu imeuzwa. Inahama."

Bwana yule alimtazama, kisha akaangua kicheko, akampiga kibao cha begani.

"Huyu jamaa bado ana homa!" aliwaambia wenzake, akarudi kupiga ngoma.