Nambari Ndogo

Katika kambi ya bure nje ya mji wa Mundarra, kwenye nchi kame ya Australia ya Kusini, wazee wanaozunguka na kulala kwenye trela hawaulizani afya. Afya gani, na magoti yote yamekwisha? Wanaulizana betri. Jioni wakishakaa kwenye viti vya kukunja, kila mtu na bia yake, utawasikia.

"Yangu leo imejaa kabla ya chai ya saa nne."

"Itakosaje kujaa, na mkeo amekukataza kuwasha hata taa ya choo?"

Mfalme wa mazungumzo hayo zamani alikuwa Merv Tregenza, fundi mstaafu wa reli. Trela yake ilikuwa ndogo, kitanda na jiko na choo, basi, lakini betri aliifunga kwa mikono yake, akatia na kipimo kinachopeleka habari mpaka kwenye simu: umeme unaoingia kutoka kwenye jua, na umeme unaotoka. Unaotoka ndio uliomkosesha raha. "Nambari ndogo, usingizi mzuri," alikuwa akimwambia mkewe Glenys kila alipomkuta amesahau kuzima feni. Miaka yote ya kuzunguka nchi Glenys aliimbiwa wimbo huo, mpaka ukawa wake na yeye.

Sasa Merv hajui tena kufunga vifungo vya shati. Akili imemtoka kidogo kidogo, na kipimo kimebaki mikononi mwa Glenys, naye amekipa kazi ambayo fundi wake hakuiwaza. Akienda mjini, anamchunga mumewe kwa simu. Pampu ikivuta umeme, Merv anakunywa maji. Redio ikivuta, anasikiliza kriketi. Taa ya choo ikiwaka na isizimike, arudi haraka. Ni uchungaji wa ajabu, lakini mimi sitamcheka. Angewaomba majirani, wangejua. Wangejua wao, angejua Kerrie.

Kerrie ni binti yao, muuguzi huko Adelaide, mtu wa maneno machache. "Mama, akipotea hata mara moja, namchukua nampeleka kwenye nyumba ya wazee. Sitakuuliza." Naye Merv, siku akili ingali yake, alikuwa amemshika Glenys mkono. "Usinipeleke kule, mama Kerrie. Nitupe popote barabarani, kule usinipeleke." Glenys akaapa. Tangu hapo akawa anamficha mumewe. Mficha maradhi kilio humfichua, sote twaijua methali, lakini kuijua hakujamzuia mtu anayependa.

Asubuhi ile shuka zilikuwa zimelowa tena, hapakuwa na namna ila kwenda kuzifua mjini. Noel, jirani wa trela ya pili, akamwona akipakia gari.

"Glenys, mzee ana nini leo? Nimemsalimu, kaniita Doreen."

"Anakutania huyo. Kwa kaptula hiyo, hata mimi ningekuita Doreen."

"Kaptula yangu ina kosa gani?"

"Imeishia njiani, Noel."

Akaingia garini kabla hajaulizwa la pili. Doreen alikuwa dada yake Merv, na amekufa siku nyingi.

Kwenye duka la mashine za kufulia aliweka simu juu ya mashine, akawa anaitazama. Pampu ikavuta, ikaacha. Redio ikavuta. Feni nayo. Vizuri. Kisha redio ikazima, feni ikazima, na nambari ya umeme unaotoka ikateremka mpaka ikawa sifuri. Friji nayo kimya, lakini friji hupumzika.

Glenys alifurahi. Hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye, kwamba alifurahi. "Mume wangu amelala," alimwambia mwanamke aliyekuwa akikunja taulo pembeni, mtu asiyemjua kabisa. Akavuka barabara, akanunua pai ya nyama, akaketi kivulini na kuila yote polepole, na sosi yake, bila kumfuta mtu mdomo. Hakukumbuka mara ya mwisho alipokula kitu kingali moto. Akachungulia simu: bado sifuri. Akanunua na kahawa.

Ndipo macho yake yakaangukia ile nambari nyingine, ya umeme unaoingia. Nayo ilikuwa sifuri. Akatazama juu. Jua lilikuwa linachoma lami, wingu hata la dawa hakuna. Kwa jua kama lile haiingii sifuri, ila kama paneli za jua zimekunjwa. Na mtu hakunji paneli na kuzima swichi kubwa ila anapohama.

Shuka aliziacha ndani ya mashine.

Alipofika kambini alikuta kazi safi. Turubai limekunjwa, viti vimefungwa, madirisha yamebanwa, mtungi wa gesi umekazwa, ngazi imepandishwa. Mikono ya Merv ilikuwa imekumbuka kila kitu kwa utaratibu wake. Kilichokosekana ni gari tu, na gari alikuwa nalo Glenys. Basi Merv akaondoka kwa miguu.

"Nilimwona akikunja," Noel alisema, uso umempauka. "Nikamwuliza, mnahama? Akasema ndiyo, mama katangulia. Nikasema huyu mzee anakunja vizuri kuliko mimi. Ningejuaje, Glenys? Hukuniambia."

"Sikukuambia."

Watu wa kambi wakatawanyika porini, na polisi wa mji akaja na gari lake. Joto lilikuwa la kukausha mate. Aliyempigia simu Kerrie ni Glenys mwenyewe, Merv hajapatikana bado, kwa sababu saa ile alitaka apatikane kuliko alivyotaka kutimiza kiapo. Alasiri wakamkuta kwenye mkondo wa mto uliokauka. Alikuwa hai, kiatu kimoja, midomo imepasuka, miguu imeungua.

Kerrie alifika kesho yake, akamkuta baba yake kwenye zahanati. Hakufoka. Afadhali angefoka.

"Umechoka, mama."

"Sijachoka."

"Mama."

Basi, yakaisha hapo. Glenys angebaki na trela mpaka mkwe wake aje kuivuta, maana yeye hajawahi kuendesha na trela nyuma. Merv akaketishwa mbele kwenye gari la Kerrie, miguu ina bendeji, ametulia kabisa. Kerrie akawasha gari. Baba yake akamshika mkono.

"Ngoja."

"Nini, baba?"

"Mama yako hajaangalia taa."

Katika safari zao zote hakuwahi kuondoa gari kabla Glenys hajasimama nyuma, akakagua taa na minyororo ya trela, kisha akainua mkono. Sasa alikuwa akimtafuta kwenye kioo cha pembeni, na alipomwona akatabasamu. Kerrie akageuka kumtazama mama yake.

Glenys alijua kwamba Merv angengoja hapo mpaka jua lizame. Akaenda nyuma ya gari, mahali pake. Akatazama taa moja, akatazama na ya pili. Kisha akainua mkono.

"Haya, twende," Merv akamwambia binti yake.